Kibaba Kimoja, Walaji Wangapi? Ubora wa Picha na Nafasi ya DVD

Kwa miaka mingi mnunuzi aliyesimama mbele ya kibanda cha filamu Dar es Salaam au Nairobi alikuta diski za aina mbili zenye umbo moja. Moja ilikuwa na filamu moja. Nyingine ilijitangaza kwenye karatasi yake kuwa ina filamu sita, nane au hata kumi. Hesabu ya haraka ilimwelekeza kwenye ile ya pili, kwa kuwa ilionekana kumrudishia fedha yake mara sita. Alipofika nyumbani na deki ikaanza kuzunguka, nyuso za waigizaji ziligeuka viraka, moshi ukawa ngazi za kijivu, na kila aliyekimbia akaacha vipande vya mwili wake nyuma. Hesabu ile ilikuwa na kosa moja: ilihesabu filamu ikasahau kwamba diski haiongezeki. Nafasi ya DVD ni kibaba cha unga. Walaji wakizidi, kila mmoja hula kidogo. Anayegeuza filamu kuwa DVD, iwe kanda ya zamani ya familia, video ya harusi, mhadhara au filamu aliyoitengeneza mwenyewe, ana njia tatu za kukigawa kibaba hicho kwa upande wa picha: apunguze dakika, apunguze ukubwa wa fremu, au apunguze biti za kila pikseli. Njia mbili za kwanza huiacha picha ikiwa safi. Ya tatu huiharibu, na bahati mbaya ndiyo inayochaguliwa zaidi, kwa sababu programu huichagua yenyewe pale mtumiaji anapoiambia tu kwamba vyote vienee.

Tukipime kibaba chenyewe. DVD ya kawaida yenye tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, yaani baiti bilioni 4.7. Kompyuta nyingi huonyesha 4.37, kwa kuwa zinahesabu kwa mafungu ya 1,024 badala ya 1,000, hakuna kilichopungua. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo diski nzima ni biti bilioni 37.6. Tenga asilimia nne kwa ajili ya menyu na taarifa zinazofungasha picha pamoja na sauti, zitabaki bilioni 36 hivi. Filamu ya saa mbili ina sekunde 7,200. Ukigawanya, kila sekunde inapata megabiti 5, na ukiondoa kilobiti 192 za sauti ya Dolby, picha inabaki na megabiti 4.8 kwa sekunde. Filamu ya dakika 90 inapata 6.5. Ya saa tatu inapata 3.1. Filamu sita za dakika 90, ambazo jumla yake ni saa tisa, zinaambulia megabiti 0.9. Kanuni za DVD zinairuhusu picha kufika megabiti 9.8 kwa sekunde. Diski ya filamu sita basi inaishi kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya kile ambacho deki ingeweza kusoma.

Biti hizo zinafanya kazi gani? Katika mfumo wa PAL, uliotumika Tanzania, Kenya na Uganda, fremu ya DVD ina pikseli 720 kwa upana na 576 kwa kimo, na fremu 25 hupita kila sekunde. Picha hiyo ikiachwa bila kubanwa, hata baada ya kupunguziwa taarifa za rangi kama DVD inavyofanya, ingedai megabiti 124 kwa sekunde, na diski nzima ingejaa kwa dakika tano. Kilichowezesha saa mbili kuenea ni MPEG-2, kanuni ya kubana picha iliyokamilika katikati ya miaka ya 1990. Huigawa fremu katika viboksi vya pikseli nane kwa nane, ikahifadhi kwa uangalifu yale mabadiliko mapana ya mwanga ambayo jicho huyaona kwanza, na kukadiria yale madogo madogo. Kisha hulinganisha fremu zinazofuatana: fremu moja katika kila kumi na mbili hivi huandikwa yote, na zilizobaki huelezwa kwa kutaja tu kilichosogea na kilichobadilika. Msomaji wa habari aliyeketi mbele ya ukuta hugharimu biti chache. Mvua, mawimbi ya bahari, vipande vya karatasi wanavyorushiwa maharusi na taa za ukumbini zinazowaka na kuzima hugharimu nyingi, kwa kuwa hakuna fremu inayofanana na jirani yake. Biti zikiadimika, kukadiria kunazidi ukali, hadi kila kiboksi kinabaki na rangi moja au mbili. Vile viraka anavyoviona mtazamaji kwenye uso wa mwigizaji ndivyo viboksi vyenyewe, vilivyonyimwa chakula.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama picha yake itakuwa salama aache kutazama ukubwa wa faili, aulize kila pikseli inapata nini. Fremu kamili ya DVD ni pikseli milioni 10.4 kwa sekunde; zikigawiwa megabiti 4.8 za filamu ya saa mbili, kila pikseli inapata biti 0.46. Sasa ilinganishe na VCD, iliyowekewa kanuni zake mwaka 1993 na kuenea sana Afrika Mashariki kabla ya DVD kushuka bei. Fremu yake ina pikseli 352 kwa 288, sawa na milioni 2.5 kwa sekunde, na picha imetengewa megabiti 1.15. Kila pikseli inapata biti 0.45. Kwa kipimo hiki, VCD ilikuwa na picha ndogo yenye mgao uleule wa DVD ya saa mbili. Haikudai kubeba kisichobebeka: filamu iliyozidi dakika 74 iliwekwa kwenye diski mbili, na wapenzi wa filamu za Bongo wanakumbuka vyema kununua sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Diski ya filamu sita iliyong'ang'ania fremu kamili ya DVD, kwa upande wake, inaipa kila pikseli biti 0.09, moja ya tano ya mgao huo. Aliyeitengeneza alitaka upana wa DVD na wingi wa dakika kwa pamoja, na njia mbili zilimshinda fisi.

Jambo lisilojulikana sana ni kwamba kanuni za DVD zinaruhusu fremu ndogo zaidi. Mbali na ile ya 720 kwa 576, deki yoyote ya PAL inapaswa kusoma fremu ya 352 kwa 576, yenye kimo kilekile na nusu ya upana, na pia ile ya 352 kwa 288 ambayo ni ukubwa wa VCD. Deki yenyewe huitanua ijaze kioo, na mtazamaji haoni picha iliyominywa. Chukua video ya harusi ya saa nne: ibada au akdi, msafara, ukumbi, ngoma. Ikibaki kwenye fremu kamili, kila pikseli itapata biti 0.22, na eneo la kucheza muziki litavurugika. Ikiwekwa kwenye fremu ya nusu upana, megabiti 2.3 za picha zitagawiwa pikseli milioni 5.1, na kila moja itapata 0.45. Mgao umerudi palepale. Kilichopotea ni ukali wa mistari ya kusimama, kama nakshi za kanga au herufi ndogo kwenye bango. Kilichookolewa ni nyuso. Na kama chanzo ni kanda ya VHS, hata hicho kilichopotea hakikuwepo, kwa kuwa VHS hubeba undani wa mistari takriban 240 tu kwa upana. Pikseli 352 zinautosha. Kuipa kanda hiyo fremu ya 720 ni kutumia nusu ya kibaba kulisha hewa.

Mtaalamu anaweza kupinga hapa kwamba hesabu ya biti kwa pikseli ni ya jumla mno. Atasema picha kubwa hazihitaji biti nyingi kwa kila pikseli kama picha ndogo, kwa sababu pikseli jirani katika picha kubwa hufanana zaidi, na kwamba mhadhara wa saa tatu uliorekodiwa kwa kamera iliyosimama juu ya miguu mitatu utapendeza hata kwa biti 0.3. Ana haki katika yote mawili. Kipimo hiki ni cha kuongozea, na picha tulivu inaweza kushuka chini yake bila hasara. Lakini tofauti anazozitaja ni za theluthi moja au nusu. Haziwezi kuziba pengo la mara tano linaloitenganisha 0.46 na 0.09.

Kabla ya kugusa picha, inafaa kuitazama sauti, kwa sababu humo mara nyingi mna nafasi iliyosahaulika. Programu nyingine za kutengeneza DVD huiandika sauti bila kuibana, kwa kilobiti 1,536 kila sekunde. Kwa saa mbili sauti hiyo inakula gigabaiti 1.38, karibu asilimia 30 ya diski. Sauti hiyohiyo ikibanwa kwa Dolby ya kilobiti 192 inachukua gigabaiti 0.17. Kwa tamasha la taarabu au kaswida lililorekodiwa kwa vifaa bora, mtu anaweza kuamua kupandisha hadi kilobiti 256 au 384, na huo ni uamuzi wa heshima. Kwa mazungumzo yaliyonaswa na kipaza sauti cha kamera ukumbini, sauti isiyobanwa haiongezi chochote ambacho sikio litakisikia kupitia spika za runinga. Gigabaiti 1.2 zinazookolewa hapo zinatosha kuipandisha picha ya saa mbili kutoka megabiti 3.5 hadi 4.8.

Chanzo nacho kina neno lake. Chenga za kanda iliyochakaa, na punje zinazotapakaa kwenye picha iliyopigwa gizani, hubadilika katika kila fremu. MPEG-2 haijui kwamba ni uchafu. Huziona kama mwendo na kuzilipia biti ambazo zingekwenda kwenye macho ya bibi harusi. Kuzisafisha kwa kiasi kabla ya kubana ni njia ya kuongeza ubora bila kuongeza biti hata moja, ilimradi usafishaji usizidi hadi ngozi za watu zikafanana na nta. Kwa upande mwingine, hakuna kibaba kitakachorudisha kilichokwisha kupotea. Filamu iliyopakuliwa kwa ukubwa wa megabaiti 700 ikijazwa kwenye DVD ya gigabaiti 4.7 haipati undani mpya. Viraka vyake vya zamani vinahifadhiwa kwa uaminifu mkubwa, na kila kubana tena kunaongeza vingine. Maji yakimwagika hayazoleki. Ndiyo maana anayetengeneza DVD anapaswa kuanza na faili la kwanza kabisa kutoka kwenye kamera au kanda, kamwe asianze na nakala ya nakala.

Ugawaji wenyewe unaweza kufanywa kijinga au kwa busara. Njia ya kijinga ni kuipa kila sekunde kiasi kilekile: mandhari tulivu inapata kuliko inavyohitaji, na ngoma inakufa njaa. Njia ya busara ni kuiacha programu iipitie filamu mara mbili. Mara ya kwanza inapima ugumu wa kila eneo bila kuandika kitu. Mara ya pili inaandika, ikichukua kutoka kwenye utulivu na kupeleka kwenye vurugu, huku wastani ukibaki uleule. Kazi huchukua muda mrefu zaidi, na hapo ndipo vibanda vya kuchoma diski vilipokwepa, kwa kuwa wateja walisubiri nje. Ila ongezeko la saa moja la kompyuta ni bei ndogo kwa diski itakayotazamwa miaka ishirini. Tahadhari moja inahitajika: kilele kisipite megabiti 8 kwa sekunde, ingawa kanuni zinaruhusu 9.8, kwa sababu deki za bei nafuu hukwama zinaposoma kwa kasi hiyo diski iliyochomwa nyumbani.

Huja swali ambalo kila kijana mwenye simu huliuliza: kama filamu nzima ya MP4 inaenea kwenye gigabaiti moja na kupendeza, kwa nini DVD idai nne? Jibu liko kwenye umri wa kanuni. Faili nyingi za MP4 hutumia H.264, iliyotolewa mwaka 2003, ambayo hutabiri mwendo kwa ustadi zaidi na huhitaji takriban nusu ya biti za MPEG-2, au pungufu, kwa ubora ulio karibu sawa. Deki ya DVD ilijengwa kabla ya H.264 na DVD ya video haiitambui. Anayetaka nafasi ya H.264 ana haki ya kuweka faili zake kwenye diski au flashi kama data, mradi kifaa cha mtazamaji kinaweza kuzisoma. Asichoweza ni kudai kwamba ukubwa wa faili la MP4 ni kipimo cha DVD. Kibaba ni kilekile, lakini unga wa MPEG-2 ni mkubwa wa chenga.

Wapo pia wanaosema kwamba mtazamaji wa kawaida haoni tofauti. Enzi ya runinga za chogo kauli hiyo ilikuwa na ukweli. Kioo chake cha inchi 21 kililainisha kingo na kuvificha viraka vingi. Runinga bapa ya leo inafanya kinyume. Ina pikseli 1,920 kwa 1,080, mara tano kamili ya pikseli za fremu ya DVD, kwa hiyo kila kosa linakuzwa mara tano kabla ya kufika machoni. Diski ileile iliyopendeza mwaka 2005 inaweza kuonekana mbovu leo bila kuharibika hata kidogo. Kilichobadilika ni kioo. Anayetengeneza DVD kwa kizazi kijacho asipime ubora wake kwa runinga iliyopo sebuleni sasa.

Wengine watashauri diski ya tabaka mbili, yenye gigabaiti 8.5. Hiyo ni suluhisho la kweli kwa filamu moja ndefu yenye picha ngumu, na filamu nyingi zinazotolewa viwandani huitumia. Kwa diski za kuchoma nyumbani ina gharama zake: ni ghali kuliko diski mbili za kawaida mahali pengi, deki za zamani huikataa, na nyingine husita pale mwanga unapohama kutoka tabaka moja hadi jingine. Diski mbili za tabaka moja humtendea mtazamaji vizuri zaidi, hasa pale tukio lenyewe lina mapumziko, kama ibada na sherehe. Na hata hiyo ya tabaka moja isijazwe hadi ukingoni. Diski huandikwa kutoka katikati kwenda nje, na ukingo ndio unaoshikwa kwa vidole, unaopinda kwa joto na unaosomwa kwa shida zaidi. Kuacha nafasi kidogo kunailinda dakika ya mwisho ya filamu.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni kwamba DVD imepitwa na wakati. Netflix, iliyoanza kwa kutuma DVD kwa posta nchini Marekani, ilifunga huduma hiyo Septemba 2023, na kompyuta nyingi mpya hazina tena mahali pa kuingiza diski. Ni kweli. Lakini kaya nyingi bado zina deki na kabati la diski, na bado zina kanda ambazo zisipogeuzwa mapema zitakufa na kumbukumbu za wazee wao. Zaidi ya hapo, hesabu hii haikuondoka pamoja na diski. Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia mwisho wa mwaka 2012, na Kenya ilipokamilisha mwaka 2015, masafa yaliyobeba kituo kimoja yakaanza kubeba vituo vingi, vinavyogawana biti kwa sekunde. Kituo kikiongezwa, vingine hupunguziwa, na mtazamaji huviona viraka mpira unapokwenda kasi uwanjani. Video inayotumwa kwa simu nayo hubanwa kwa mantiki ileile. Aliyeielewa DVD ameuelewa mgawanyo ambao kila chombo cha picha kinaufanya.

Hukumu basi ni hii. Hadi saa mbili, tumia fremu kamili na sauti iliyobanwa, na uiache programu iipitie filamu mara mbili. Kati ya saa mbili na nne, tumia fremu ya nusu upana, isipokuwa picha iwe tulivu sana. Kanda ya VHS ipewe fremu hiyo hata ikiwa fupi. Zaidi ya saa nne, ongeza diski ya pili, au kaa na wenye harusi mkate dakika zisizo na kitu, kwa kuwa dakika iliyokatwa kwa hiari haimdhuru yeyote, na iliyobanwa kupita kiasi huwadhuru wote waliomo. Faili la kwanza lihifadhiwe kwenye diski kuu ya nje, maana DVD ni nakala ya kutazama tu. Na wewe unayekwenda kuchomesha kanda ya ndoa ya wazazi wako, usimuulize fundi diski moja inaingiza mangapi. Muulize kila saa itapata gigabaiti ngapi. Akikujibu pungufu ya mbili kwa fremu kamili, au pungufu ya moja kwa fremu ya nusu upana, mwambie atumie diski ya pili.